Uliza Anko: Imeili ya kipindupindu ina MB 12, bando langu lina MB 40

Toleo lililopita niliandika mistari miwili mitatu tu kwamba taarifa za afya zinazotumwa kwa imeili huku kwetu hazisomwi, na kosa mara nyingi sio la msomaji ni la aliyetuma. Basi mmenivamia. Wengine mmekubali, wengine mmenitukana kistaarabu, na wengine mmeleta maswali mazuri kuliko nilichoandika mwenyewe. Nimechagua machache, kama la kwako halimo usinune, soma tu jibu la mwenzio maana mengi yanafanana.

Shikamoo anko. Mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati moja huku Kasulu vijijini. Wilayani wanatutumia miongozo na tahadhari za magonjwa kwa imeili, sasa netiweki yetu ni ya kuvizia, mpaka upande kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ya mtumishi ndo inashika. Ukibonyeza kiambatisho kinazunguka, kinazunguka, bando linaisha hujaona kitu. Majuzi ilikuja ya kipindupindu nikaja kuisoma baada ya siku tatu kwenye laptop ya rafiki mjini. Nimwambieje bosi bila kuonekana mkorofi?
*Mganga wa kichuguuni, Kasulu*

Marahaba mganga, na pole na hicho kichuguu.

Kwanza ujue kwanini inakataa. Imeili tangu inabuniwa ilikuwa ya kubeba herufi, sio picha wala PDF, kwahiyo ukiambatisha faili, mtambo unaigeuza kwanza kuwa msururu wa herufi ndo unaisafirisha, na katika kugeuza huko inanenepa kwa karibu theluthi moja. Faili ya MB 9 inasafiri kama MB 12. Na hizo MB 9 zimetoka wapi? Najua bila hata kuiona: barua imeprintiwa, ikagongwa muhuri, ikasainiwa, ikaskaniwa kwa rangi tena kwa ubora wa juu kabisa, juu kuna nembo tatu za wafadhili, ukurasa wa kwanza una picha ya mama anamnawisha mtoto mikono. Sasa ukitafuta taarifa yenyewe humo ndani, yani ugonjwa gani, uko wapi, ufanye nini, umpigie nani, unakuta haizidi nusu ukurasa. Maandishi matupu ya kurasa mbili ni kama KB 5. Piga hesabu mwenyewe, hiyo skani ni kubwa kuliko maandishi hayo karibu mara elfu mbili.

Bosi usimlalamikie, mfanyie kazi yake. Mjibu hivi: "Shikamoo mkuu, nimepokea, kwa sababu netiweki yetu ni ndogo naomba tahadhari za haraka ziandikwe ndani ya imeili yenyewe na kiambatisho kije baadae, nimejaribu kuandaa mfano hapa chini." Halafu weka mfano. Mimi ningeandika hivi:

Sabjekti: KIPINDUPINDU, fanya leo, 14 Nov
Nini: wagonjwa wamethibitishwa kata jirani.
Nani umshuku: yeyote mwenye kuharisha maji maji mengi ghafla.
Fanya: mtenge, anza ORS hapo hapo, akizidiwa dripu na rufaa.
Toa taarifa: kwa simu, mara moja, usisubiri jioni. Namba: (ya mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wilayani).
Imetoka kwa: jina, cheo, tarehe na saa.
Mwongozo kamili una MB 9, ufungue ukifika mjini.

Basi, imeisha. Hiyo inafunguka hata ukiwa chini ya kichuguu. Ona pia nilivyoandika sabjekti, kwenye simu unaona maneno ya mwanzo tu, kwahiyo ugonjwa na tarehe vikae mbele. Kuna watu wanatuma tahadhari ya mlipuko sabjekti imeandikwa "YAH: TAJWA HAPO JUU", na juu hamna kitu.

Upande wako nako kuna ya kufanya. Ingia kwenye settings za Gmail kwenye simu, zima picha zisijifungue zenyewe, viambatisho viache vijipakue kwenye wifi tu. Siku ukishuka mjini simu itavivuta yenyewe wakati unakunywa soda. Zamani ukitumia kompyuta kulikuwa na ule muonekano mwepesi wa Gmail, wa maandishi tu, uliokuwa unasaidia sana watu wa netiweki kama yako, ila Google waliuondoa mwanzoni mwa 2024. Sijawasamehe.

Na moja usisahau, kipindupindu ni katika yale magonjwa ya kuripotiwa ndani ya saa 24, kwahiyo ukiwa na mgonjwa unayemshuku kwanza simu, imeili ifuate kwa ajili ya kumbukumbu. Hamna mtu wa kukulaumu kwa kupiga simu.

Kijana wangu, mimi ni bwana afya mstaafu, Tanga. Nimefanya kazi enzi za redio koli, unapiga kelele "ova, ova" mpaka koo linakauka. Mjukuu wangu anasema kabla ya intaneti kuja hapa kwetu hakukuwa na imeili. Mimi nakumbuka kabisa mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunasikia kuna madaktari wanapokea barua kwa setilaiti. Nimsute?
*Babu wa redio koli, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Msute tu, taratibu lakini, maana hilo hata watu wa IT wengi hawalijui.

Kulikuwa na daktari wa moyo wa Boston, Bernard Lown, huyo huyo aliyechangia kuleta mashine ya kushtua moyo, na chama chake cha madaktari wanaopinga silaha za nyuklia kilipata Nobel ya Amani mwaka 1985. Baada ya hapo akaanzisha shirika linaitwa SatelLife, hoja yake ikiwa kwamba wakubwa wanatumia anga za juu kwa mambo ya vita, sisi tuzitumie kupeleka habari za tiba kwa madaktari wasiokuwa na jarida hata moja. Mtandao wao ukaitwa HealthNet. Mwaka 1993 kikarushwa kisetilaiti kidogo, HealthSat-2, kinazunguka dunia kutoka ncha mpaka ncha kama kilomita 800 juu.

Sasa hiyo setilaiti haikai sehemu moja kama ya king'amuzi chako. Inapita. Mara chache kwa siku inakatiza juu ya kichwa chako, dakika chache tu, imepotea. Kwahiyo chini kuna kompyuta na antena inaisubiri, ikitokea inarusha barua zake juu chap chap na kushusha zilizokuja, ikiisha hapo unasubiri mzunguko mwingine. Umemuuliza mwenzio swali leo, jibu kesho au keshokutwa, na watu walikuwa wanashangilia kwasababu kwa posta ni wiki. Zambia, pale chuo kikuu, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo, na nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zikaingia. Sehemu nyingine hata setilaiti hawakutumia, kompyuta zilikuwa zinapigiana simu zenyewe usiku wakati gharama iko chini, zinabadilishana mafurushi ya barua mpaka asubuhi. Na kulikuwa na huduma ya kuomba kurasa za intaneti kwa imeili, unaandika anwani ya ukurasa unaoutaka, unatuma, unarudishiwa maandishi yake. Mwambie mjukuu wako ajaribu kuishi hivyo wiki moja.

Ninachopenda katika hii historia ni kwamba wale watu walilazimika kupima kila herufi. Jarida lao la habari za tiba lilikuja maandishi matupu, muhtasari wa utafiti mmoja mmoja, hamna nembo hamna maua, daktari anasoma, anatumia kwenye wodi. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika pwani yetu, SEACOM ikatua Dar na Mombasa, watu wa mjini tukapata kasi tukasahau kwamba huko mwisho wa barabara mambo hayajabadilika sana. Ndo mwanzo wa hizo MB 12 za mganga wa Kasulu.

Anko mambo vipi, mimi ni mwanachuo wa afya ya jamii Dodoma. Lekchara wetu alisema SARS iligunduliwa kwa imeili ya mtu wa kawaida kabla serikali haijasema. Darasa zima tuliona hiyo chai. Ni kweli?
*Mdau wa ukweli, Dodoma*

Poa mdau. Sio chai, ila lekchara kaongeza sukari kidogo.

Imeili haikugundua ugonjwa, iliuliza swali. Tarehe 10 Februari 2003 daktari mmoja Marekani, Stephen Cunnion, alituma ujumbe mfupi kwenye huduma inaitwa ProMED. Mtu anayemfahamu alikuwa amemuuliza kama amesikia habari za mlipuko huko Guangzhou, China, watu wanasema hospitali zimefungwa na watu wanakufa, na yeye akauliza: kuna anayejua chochote? Ndo hivyo tu, mistari michache. Kesho yake, tarehe 11, China ikaiambia WHO kuna wagonjwa 305 wa nimonia isiyoeleweka na vifo 5. Jina SARS lilikuja baadae. Kwahiyo ukiulizwa kwenye mtihani usiandike "iligunduliwa", andika kwamba dunia ilisikia kwa njia hiyo.

ProMED yenyewe ilianza 1994, na ilianza kwa imeili kabisa, mtu yeyote alikuwa anajiunga bure, anaripoti alichokiona, wengine duniani kote wanapokea. Kilichoifanya isigeuke kijiwe cha umbea ni kwamba kuna wataalamu katikati, wa virusi, wa mifugo, wa mimea, wanasoma kila ripoti kabla haijatoka na wanaweka maoni yao chini: hii inaingia akilini kwasababu hizi, hii bado tunahitaji vipimo. Umbea na ripoti vyote vinaanza na "nimesikia", tofauti ni kwamba ripoti ina jina la mtu na kuna mwingine kaihoji kabla hujaipata wewe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 2012. Ali Mohamed Zaki, Mmisri aliyekuwa anafanya kazi maabara ya hospitali Jeddah, alikuwa na mgonjwa aliyekufa kwa nimonia na figo kufeli, kila kipimo alichofanya hakioni kitu cha kawaida. Akapeleka sampuli Uholanzi, wakakuta ni kirusi kipya cha jamii ya korona. Tarehe 20 Septemba akaandika ProMED. London kulikuwa na mgonjwa kutoka Qatar yuko mahututi, madaktari wake hawajui anaumwa nini, wakakisoma kile alichoandika Zaki, wakapima, kikatokea kirusi kinafanana karibu kabisa, na ndani ya siku mbili tatu Uingereza imeshaiarifu WHO. Wagonjwa wawili, nchi mbili, madaktari hawajuani, wameunganishwa na imeili moja. Ndo MERS hiyo. Zaki mwenyewe mambo hayakumwendea vizuri, aliishia kuondoka kwenye ile kazi na kurudi Misri. Hilo nalo mliandike kwenye notsi, kwamba mtu wa kwanza kusema huwa hapewi maua.

Na usiku wa tarehe 30 Desemba 2019 ni ProMED hao hao walituma kuhusu nimonia ya Wuhan, unayajua yaliyofuata.

Kuhusu serikali: Kanuni za Afya za Kimataifa zilizoanza kutumika 2007 zinairuhusu WHO kufuatilia hata taarifa isiyo rasmi, inaiuliza nchi husika na nchi inatakiwa itoe jibu la mwanzo ndani ya saa 24. Kabla ya hapo nchi ingeweza kukaa kimya na WHO ikakosa pa kushika.

Habari yako anko. Nina duka Bukoba mjini. Kwenye group letu la kikoba mtu kaleta imeili imeandikwa juu "KUTOKA WIZARANI", inasema Marburg imerudi na virusi vipo kwenye senene. Wateja wameacha kununua senene wangu kabisa. Nitajuaje kama ni kweli?
*Mama Senene, Bukoba*

Nzuri mama, pole na biashara.

Angalia vitu hivi kwa haraka. Tarehe ipo? Taarifa ya kweli ya ugonjwa haikosi tarehe, uzushi haupendi tarehe kwasababu unataka uishi miaka kumi. Imesainiwa na nani, kwa jina na cheo? "Wizarani" sio mtu. Anwani iliyotuma inaishia na go.tz au ni ya Gmail? Hapo usiangalie jina linaloonekana kubwa, jina mtu anajiandikia analotaka, bonyeza uone anwani yenyewe. Na kama umeipata ikiwa screenshot, hiyo sio imeili tena mama, hiyo ni picha, mtu kaweza kuandika chochote. Ukimaliza hapo piga 199, ni bure, ni namba ya wizara ya afya, waulize.

Kuhusu senene: Marburg makazi yake yanajulikana ni popo wala matunda, na ikishaingia kwa binadamu inaenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili ya mgonjwa au maiti, na vitu vilivyochafuliwa navyo, nguo, shuka. Senene hawamo. Dalili zinaweza kuchukua siku 2 mpaka 21 kutokea, ndo maana waliomgusa mgonjwa wanafuatiliwa siku 21.

Ila siwezi kuwalaumu wateja wako sana, Kagera mmeumwa na nyoka mara mbili. Machi 2023 watu 9 waliugua na 6 wakafariki, ikatangazwa kuisha tarehe 2 Juni. Halafu Januari 2025 huko Biharamulo, wagonjwa 10, wawili ndo walithibitishwa kwa maabara na wengine wakahesabiwa kwa uwezekano mkubwa, wote 10 wamefariki. Na hapo kati mnakumbuka ilivyokuwa, tarehe 14 WHO imesema kuna washukiwa, wizara ikasema vipimo havijaonyesha, tarehe 20 Rais Samia akatangaza kwamba ndio, ipo. Siku hizo sita watu walikuwa wanaokota kila kinachopita kwenye simu. Mi naona hata taarifa fupi ya kila siku inayosema "tumepima hawa, haya ndo majibu mpaka sasa, kesho saa kumi tutasema tena" ingewapunguzia wazushi wateja. Mtu akijua kesho saa kumi kuna habari hatafuti ya uongo saa mbili usiku.

Senene wako wauze mama.

Anko, nafanya kazi kliniki ya CTC, ile ya watu wanaoishi na VVU, sitaji wapi. Tunataka kuwakumbusha wateja wetu wenye imeili tarehe za kuchukua dawa. Mwenzangu kaandika imeili moja kaweka anwani zote pale juu kwenye "To" na kutuma bado hajatuma, amenisubiri mimi. Kuna shida?
*Msiri, sitaji wapi*

ASITUME. Mwambie sasa hivi, halafu urudi usome.

Kila atakayepokea ataona anwani za wenzake wote, na anwani nyingi ni jina la mtu kamili. Kliniki moja ya London mwaka 2015 ilifanya kosa hilo hilo na jarida lake lililokwenda kwa watu 781, wengi wao wanaishi na VVU, ikaja kupigwa faini ya pauni 180,000. Na sisi hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, taarifa za afya ni katika zile nyeti kabisa. Ila faini ndo dogo hapo. Fikiria tu mtu na shemeji yake wamo kwenye orodha moja.

Kuna BCC, kile kisanduku cha nakala ya siri, ndio, inaficha, lakini kwa kazi hii mi nisingeiamini, siku moja mtu kachoka saa kumi jioni anakosea kisanduku kimoja na imekwisha. Tuma moja moja. Sabjekti isitaje dawa wala kliniki, iseme "Kumbusho la Alhamisi" inatosha, maana simu ikiwa mezani sabjekti inajitokeza juu ya kioo na watoto wanasoma. Na muulizeni kwanza mteja kama anataka kukumbushwa kwa imeili, kuna wanaotumia imeili ya ofisini na mtu wa IT anaiona. Na zile Excel za majina ya wagonjwa mnazotumiana kwenda mkoani, naomba ziwe na namba sio majina. Zile ndo mbaya kuliko hata hii ya leo.

Jambo muzee. Mimi niko daktari huku Bunia. Kupata makala za kisayansi ni shida, wananiomba dola 30 au 40 kwa makala moja. Kuna njia ya haki?
*Munganga wa Ituri*

Jambo sana daktari. Zipo mbili na zote ni halali.

Ya kwanza ni Hinari, mpango wa WHO na wachapishaji wakubwa ulioanza 2002, taasisi za nchi kama Kongo, Tanzania na Uganda zinasoma maelfu ya majarida bure. Ila inasajiliwa taasisi sio mtu, kwahiyo kaulize chuo kikuu au hospitali yako kama wana akaunti, mara nyingi ipo na paswedi analo mtu wa maktaba ambaye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote.

Ya pili ni imeili. Makala nyingi kule PubMed, ile orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, muhtasari wake ni bure, na mara nyingi pana anwani ya mwandishi wa kuwasiliana naye. Mwandikie mistari mitatu, wewe nani, uko wapi, unaomba makala ipi. Wengi wanatuma siku hiyo hiyo tena wanafurahi, maana hakuna anayewaandikia zaidi ya wakaguzi. Ukiona netiweki ya Bunia ni mbaya mwambie akutumie ukurasa wa matokeo na jedwali tu, waungwana wataelewa.

Anko, mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kilifi. Tunaletewa taarifa kwa imeili lakini watu wangu hapa mtaani hawana imeili, wengine hata kusoma ni tabu. Mimi naona wakubwa wanajifurahisha tu. Hiyo imeili inamsaidia nani?
*Mhudumu wa mguu, Kilifi*

Inakusaidia wewe, dada au kaka, sijajua. Imeili ya afya haijaandikiwa nyanya wa kijijini na asiyekubali hilo ndo huyo anayejifurahisha. Safari yake inaishia kwako, kutoka kwako kwenda mbele ni mdomo, baraza la chifu, tangazo baada ya swala ya Ijumaa, redio ya hapo kwenu, duka la unga.

Kwahiyo ningetaka uzidai imeili zije tayari kwa kusemwa. Nikupe mfano wa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha pakiti za ORS zikiwa hazipo. Kipimo ni lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Basi. Sasa ukiletewa jedwali lenye safu nne na lugha mbili, wewe unalisoma barazani kwenye jua, mtu mmoja amekuuliza swali umekatika, unarudi unasema sita chumvi na nusu sukari. Chumvi hiyo ni hatari kweli kwa mtoto. Mimi nimeshaona tangazo limebandikwa ukutani lina vipimo vimegeuzwa, na hakuna aliyejua limeanzia wapi, kila mtu alinakili kwa mwenzake. Ndo maana nasisitiza imeili, sio kwasababu ni ya kisasa, ni kwasababu ile ya kwanza inabaki. Ukiwa na wasiwasi unarudi unaifungua, unaona maneno yenyewe na nani kayaandika lini. Kwenye WhatsApp ukija kuitafuta ujumbe umefutwa au umezama chini ya salamu za asubuhi njema.

Kwahiyo fanya hivi, ikija imeili mjibu aliyetuma: "Naomba sentensi tano za kusema barazani, kwa Kiswahili, na namba ziandikwe kwa maneno." Sita, sio 6. Nusu, sio 0.5, maana nukta ikipotea kwenye fotokopi unabaki na 05. Akikataa ziandike wewe halafu umrudishie azithibitishe kabla hujasimama mbele za watu. Ukimaliza baraza mwandikie tena watu walikuuliza nini. Hayo maswali huko juu hawayapati popote, na hapo ndo utaona imeili inavyofanya kazi kwenda juu, sio kushuka tu.

Anko, nikituma ripoti kwa imeili bosi anasema "sawa, sasa niletee na ya karatasi." Nauli kwenda wilayani ni elfu kumi kwenda na kurudi. Unasemaje?
*Mtunza MTUHA (takwimu za huduma za afya), hajataja mkoa*

Pole sana. Huyo hataki ripoti, anataka muhuri wa "imepokelewa", na pengine mkaguzi wake ndo anamdai karatasi. Muulize kwa upole kama unaweza kuzikusanya ukapeleka mara moja kwa mwezi siku unayofuata dawa au mshahara, na yeye akujibu kila imeili kwa neno "Nimepokea" ili uwe na ushahidi. Akikubali, hilo jibu lake liprinti uliweke kwenye faili. Akikataa, dai nauli kwa maandishi, tena kwa imeili, na nakala kwa mhasibu.